Leseni ya Mlango na Leseni ya Mkono

Yako mambo madogo ambayo viongozi wetu huyapita njiani kila asubuhi bila ya kuyatupia jicho, na kumbe ndani yake mna riziki za watu wengi. Ususi wa nywele ni moja katika mambo hayo. Katika Kata ya Soweto, Manispaa ya Moshi, kazi hii hufanyika mahali pa namna mbili. Kuna saluni, yaani chumba cha kupanga chenye kioo kikubwa, viti, draya, beseni la kuoshea na picha za mitindo zilizobandikwa mlangoni. Na kuna baraza ya nyumba, ambapo anayesukwa huketi juu ya kigoda, msusi huketi nyuma yake, na kwa muda wa saa tatu au nne, pengine kutwa nzima kama ni rasta nyembamba, kichwa kimoja hugawanywa kwa kitana mstari baada ya mstari mpaka kikamilike. (Jina la Soweto lisimtatize msomaji wa visiwani. Ni jina lililosafiri kutoka Afrika ya Kusini. Mbeya nako kuna Soweto, na Nairobi vilevile.)

Mji wa Moshi unasifika nchi nzima kwa usafi. Sifa hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Imeletwa na sheria ndogo za mji, na faini zake, na wananchi waliokubali kuzitii. Hatuna ugomvi na jambo hilo, bali tunalisifu. Lakini mji huohuo ndio unaopokea kila Desemba umati wa wenyeji wa Machame, Kibosho, Marangu, Mwika na Rombo wanaorejea nyumbani kwa Krismasi kutoka kila pembe ya nchi na ng'ambo ya mpaka. Harusi hufululiza, ubatizo hufululiza, na hakuna mama anayekubali kupanda mlimani kuonana na wakwe zake akiwa na kichwa cha wiki iliyopita. Katika majuma hayo machache wasusi hukesha. Fedha ya kulipia pango la miezi kadhaa, ada ya mdogo aliye shuleni, bati mbili tatu za nyumba ya mzazi, aghalabu hupatikana wakati huo au haipatikani kabisa. Na ndio wakati ambapo mkusanyaji wa ushuru naye anatambua kwamba fedha ipo.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Leseni za Biashara, Namba 25 ya mwaka 1972, inakataza mtu kufanya biashara Tanzania Bara bila ya leseni. Biashara zenye sura ya kitaifa na kimataifa hupata leseni zake serikali kuu. Zilizobaki, saluni zikiwamo, huzipata katika halmashauri ya mji au wilaya. Leseni huandikwa jina la mwenye biashara, aina ya biashara, na mahali inapofanyikia. Ili aipate, mwombaji hutakiwa kuwa na namba ya mlipakodi, hati ya kuonyesha kwamba hadaiwi kodi, kitambulisho cha Taifa, na mkataba wa pango au uthibitisho mwingine wa jengo. Akishapata huja Bwana Afya, kwa mamlaka ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Huja pia watu wa zimamoto kwa sheria yao ya mwaka 2007, na wakaguzi wa usalama mahali pa kazi kwa sheria yao ya mwaka 2003. Kila mmoja wao ana sababu yake, na sababu hizo ni za haki. Hata hivyo, msomaji akiyapima maswali yao wote ataona kwamba yanahusu mlango. Mlango uko wapi? Ni wa nani? Una kizimamoto? Kuhusu mkono unaosuka hakuna anayeuliza neno.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu ya leo. Msusi wa barazani hana mlango. Tuchukue mfano wa binti aliyemaliza kidato cha nne, asipate nafasi ya kuendelea, akajifunza kusuka kwa shangazi yake. Mtaji wake ni kitana, mkasi, sindano, kopo la mafuta na vidole kumi. Rasta hununuliwa na mteja mwenyewe. Leo yuko barazani kwake, kesho ameitwa nyumbani kwa bibi harusi, keshokutwa yuko Kiboriloni kwa sababu ni siku ya soko na wateja wako huko. Sheria inamwambia aandikishe mahali pa biashara yake; yeye biashara yake inatembea kwa miguu. Akitaka kuitii sheria itambidi kwanza apange chumba asichokihitaji, alipe pango la miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo kama ilivyo desturi ya wenye nyumba wetu, ndipo apate karatasi ya kumruhusu afanye kile alichokuwa akikifanya bila ya chumba. Ni kama kumtaka mvuvi wa mtumbwi ajenge kwanza bandari.

Ajabu ni kwamba sheria nyingine ya nchi hiyohiyo imekwisha kumwona binti huyu na kumhurumia. Katika kodi ya mapato, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 4 hatozwi kodi. Hiyo ni sawa na shilingi 333,000 na ushei kwa mwezi, au karibu shilingi 11,000 kwa siku kama hapumziki hata Jumapili. Wasusi wengi wa barazani, ukiondoa ile Desemba yao, hawafiki hapo. Maana yake ni kwamba anatakiwa kwenda kutafuta namba ya mlipakodi ili apate leseni, na baada ya kuipata aambiwe kwamba yeye si wa kulipa kodi. Nauli ya kwenda na kurudi hakuna atakayemrudishia, wala siku aliyoipoteza kwenye foleni.

Si kwamba Serikali haikupata kuliona jambo hili. Imeliona mara nyingi, na kila mara imelitazama kwa jicho la zama zake. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Januari mosi 1969, na nywele za bandia zikawekwa katika kapu moja na sketi fupi, suruali za kubana na mafuta ya kujichubua, kwamba vyote ni uchafuzi wa utamaduni wa Taifa. Wakati huo saluni ilikuwa kitu cha kutiliwa shaka. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na asiyeweza kuthibitisha kwamba ana kazi inayotambulika alihesabiwa mzururaji. Sote tuliokuwa na akili wakati ule twakumbuka. Lakini mishahara ilikuwa imekwisha kupoteza thamani, na miaka hiyohiyo ndiyo watumishi, wake zao na hata wakubwa walipoanza kuwa na kitu kilichoitwa mradi. Mradi wa kuku, mradi wa maandazi, mradi wa saluni. Kalikiti ilipoingia mjini, mwenye draya moja na kioo alionekana mtu wa maana. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipolegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa Arusha mwaka 1967, mambo mengi ya namna hiyo yalikuwa yakifanyika siku nyingi.

Yakafuata majaribio ya kulegeza. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa, pamoja na ushuru mwingi wa kero, na mwaka uliofuata wafanyabiashara wadogo wakapunguziwa mzigo wa ada ya leseni. Miaka kadhaa baadaye ada zikarudi. Mwaka 2007 Bunge likapitisha Sheria ya Usajili wa Shughuli za Biashara, iliyokusudia kuweka usajili mwepesi mahali pa leseni. Ilikuwa sheria nzuri kuisoma, lakini haikupata kutekelezwa kama ilivyokusudiwa. Desemba 2018 Rais Magufuli akawakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayafiki milioni 4 kwa mwaka, na agizo likawa kwamba mwenye kitambulisho asibughudhiwe. Mwaka huohuo ukatoka mpango mkubwa wa kuboresha mazingira ya biashara, ule uitwao MKUMBI, ambao utekelezaji wake ulianza Julai 2019, na tozo nyingi zikafutwa au kupunguzwa.

Wale wanaodhani kwamba kila hatua imekuwa ya kumpunguzia msusi mzigo watazame bajeti ya mwaka huo wa 2019. Ilipokuwa ikifuta tozo kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili iliweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa nywele za bandia zinazotengenezwa nchini, na asilimia 25 kwa zile zinazotoka nje. Yako maelezo ya kiuchumi kwa hatua hiyo, na kulinda viwanda vya ndani si dhambi. Lakini tangu hapo haiwezi kusemwa kwamba msusi na mteja wake hawachangii Taifa. Kila kichwa cha rasta kinachosukwa Soweto kimelipiwa ushuru kabla hakijaguswa na kitana.

Kile kitambulisho cha mwaka 2018 kilikuwa na upungufu wake. Watu walilalamika kwamba hakikuwa na picha, na kwamba sehemu nyingine watendaji walikiuza kwa nguvu kana kwamba ni kodi ya kichwa iliyofufuka. Hata hivyo kilithibitisha jambo moja kubwa: kwamba dola inaweza kumtambua mfanyakazi kwa jina lake badala ya kumtambua kwa mlango wake. Machinga alielewa hivyo, mama lishe alielewa hivyo. Msusi alibaki katikati, kwa kuwa vitabuni yeye anahesabiwa pamoja na saluni, na saluni ni biashara ya leseni.

Tukitupa macho nje ya nchi tutaona kwamba wako waliokwenda mbali zaidi yetu, na kwa njia tofauti. Wao hawakutosheka na leseni ya mlango. Wameidai na leseni ya mkono. Nchini Marekani kila jimbo hutaka warembaji wa nywele wawe na leseni, na ili aipate, mtu kwa kawaida hutakiwa asome saa elfu moja au zaidi katika chuo kilichoidhinishwa. Sheria hizo zilitungwa na watu waliofikiria mikasi, dawa na rangi za nywele. Wanawake wenye asili ya Afrika wanaosuka kwa vidole tu wakajikuta wahalifu. Mwaka 1997 mjini Dallas, katika jimbo la Texas, bibi mmoja aitwaye Isis Brantley alikamatwa na polisi kwa kosa la kusuka bila ya leseni. Baadaye alipotaka kufundisha usukaji, aliambiwa shule yake lazima iwe na viti kumi vya kinyozi na mabeseni ya kuoshea nywele, ilhali kazi anayoifundisha haihitaji kiti cha kinyozi wala beseni. Mahakama ya shirikisho ilimpa haki Januari 2015, na mwaka huohuo Texas ikaifuta kabisa leseni ya usukaji. Kabla yake, mwaka 2012, jaji wa Utah alikuwa amempa haki Jestina Clayton, mwanamke aliyezaliwa Sierra Leone na kujifunza kusuka huko tangu utotoni, ambaye jimbo lilimtaka asome saa 2,000 za urembo ambazo karibu zote hazikuhusu usukaji wa Kiafrika.

Ulaya nako hawana neno moja. Ujerumani ililegeza masharti ya ufundi mwaka 2004 na kuziondoa fani 53 katika sharti la kuwa na cheti cha ufundi mkuu, lakini kinyozi na mtengeneza nywele wakaachwa palepale walipokuwa. Uingereza, kwa upande wake, ilitunga mwaka 1964 sheria ya kuwaandikisha watengeneza nywele, na uandikishaji huo ukawa wa hiari. Hadi leo mtu wa London anaweza kufungua duka la kunyoa bila ya kuonyesha cheti cha chuo chochote, na hatujasikia kwamba Waingereza wamekatwa masikio kwa wingi kuliko Wajerumani.

Tunayataja haya kwa sababu hapa kwetu kuna wenye nia njema wanaosema kwamba wakati umefika wa kila msusi kuwa na cheti. Wanaona vyuo vya VETA vinafundisha ususi na urembo, wanaona mabinti wanahitimu, na wanajiuliza kwa nini asiyesoma aruhusiwe kushindana na aliyesoma. Ni hoja yenye sura nzuri. Lakini tujiulize ni nani atakayeachwa nje ya mlango siku hiyo. Ataachwa yule binti wa kidato cha nne. Ataachwa mama mtu mzima ambaye mikono yake imesuka twende kilioni na mabutu ya watoto wa mtaa mzima kwa miaka thelathini. Wataachwa wale vijana wa Kimaasai tunaowaona mijini, kuanzia Arusha na Moshi hadi fukwe za Unguja, ambao kusukana nywele ni mila ya murani tangu zama za mababu, na ambao wameigeuza mila hiyo kuwa ajira ya halali. Ni mwalimu gani wa chuo atakayewatahini hao?

Na tusijidanganye kwamba karatasi ni sawasawa na usalama. Hatari katika kazi hii zipo, tena ni za kweli, nasi tungekuwa watu wa ajabu kama tungezificha. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata wananchi wakajifunza kuuogopa wembe wa kinyozi. Wengi walianza kwenda kunyoa na wembe wao mfukoni. Homa ya ini nayo hupita njia hiyohiyo ya damu. Dawa ya kulainisha nywele, hasa zile kali zenye kostiki soda, huunguza ngozi ya kichwa ikizidishwa dakika au ikipakwa penye kidonda, na ikiingia machoni ni balaa. Mafuta ya kujichubua yenye zebaki na haidrokwinoni yamepigwa marufuku, na bado yanapenya mipakani. Udhibiti wa vipodozi ulikuwa chini ya mamlaka ya chakula na dawa tangu mwaka 2003, kisha mwaka 2019 ukahamishiwa Shirika la Viwango. Vita hivyo ni vya kweli na havipaswi kulegezwa hata kidogo.

Lakini tazama vizuri hatari hizo zimekaa wapi. Zimekaa katika wembe, katika mashine, katika kopo la dawa, katika mafuta ya magendo. Hazikai katika kitana na vidole. Anayesuka rasta au mistari, dhara lake kubwa kwa mteja ni kumvuta nywele kupita kiasi, na hilo mteja mwenyewe atalipigia kelele kabla Bwana Afya hajavaa viatu. Ilhali saluni yenye leseni ya halali, iliyobandikwa ukutani ndani ya fremu ya kioo, inaweza kuwa na mashine isiyopanguswa kwa spiriti tangu asubuhi na taulo moja linalozunguka shingo za watu kumi. Leseni haichemshi maji, wala haifui taulo. Anayefanya hivyo ni mtu aliyefundishwa na anayejua kwamba mkaguzi anaweza kuingia wakati wowote. Kwa bahati mbaya ofisa afya wa kata moja hawezi kuwa kila mahali, na saa anazozitumia kuwaandama wasusi wa barazani ni saa anazoziiba kutoka kwenye wembe.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasione kwamba haya ni mambo ya mlimani. Leseni za biashara si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria na taratibu zake. Lakini katika visiwa ndiko kazi hii ilikokuwa na heshima kubwa zaidi. Somo anayemweka ndani bibi harusi, anayemsinga kwa singo na kumtia udi, mpaka hina anayekesha na mguu wa mwari juu ya paja lake, hao wote ni wafanyakazi wa urembo, na hakuna aliyepata kuwaomba leseni. Siku hizi hina imetoka uani na kufika ufukweni. Katika Nungwi, Paje na Jambiani wako akina mama na vijana wanaowasuka watalii na kuwachora mikono, na hapo tena hatari na usalama vimeketi mkeka mmoja. Hina ya majani haina neno. Piko, ile rangi nyeusi ambayo asili yake ni dawa ya kutia nywele rangi, imewatoa watu malengelenge na kuwaachia makovu, wageni kwa wenyeji, maharusi kwa watoto. Ofisa wa visiwani akitaka kutunga kanuni, basi na atunge juu ya piko. Atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko kumtafuta kila mpaka hina amwandikishe mlango.

Yafaa pia kuizungumza ile amri ya Julai 2025, ambayo ilivuma hadi nje ya mipaka. Waziri wa Viwanda na Biashara, kwa kutumia sheria ileile ya leseni ya mwaka 1972, aliwakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15 Tanzania Bara, na saluni ikawa miongoni mwao, isipokuwa iliyo ndani ya hoteli au ya shughuli za utalii. Mgeni akikiuka, faini yake haipungui shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi 6, na kibali chake cha ukaazi huondolewa. Raia atakayemsaidia naye ana adhabu yake. Majirani, Kenya hasa, walilalamika kwamba amri hiyo inapingana na Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lililoanza Julai mosi 2010. Hilo ni jambo la wakubwa kulimaliza mezani, nasi Moshi tulio karibu na mpaka wa Holili na Tarakea tungependa limalizwe upesi. Ila kuna swali lililo chini ya amri hiyo. Ikiwa Serikali imeona saluni ni kazi ya kumhifadhia mwananchi mnyonge, basi hifadhi hiyo itakuwa na maana gani kama mwananchi huyohuyo anazuiwa kuingia na masharti ya leseni yaliyoandikwa kwa ajili ya mwenye duka? Nafasi iliyoachwa na mgeni mwenye mtaji itajazwa na raia mwenye mtaji, na binti wa barazani atabaki barazani akiangalia kushoto na kulia.

Wenye saluni wana malalamiko yao, na si haki kuyapuuza. Wao wanalipa pango, umeme, leseni, kodi ya mapato, na mishahara ya wasaidizi. Kisha mtu anakaa mita hamsini kutoka mlangoni kwao na kusuka kwa nusu ya bei. Tumelipima neno hili, na tunaona kwamba lina ukweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba wasusi hao wa barazani ndio wanaoitwa saluni Desemba inapozidi nguvu, na ndio ambao baadaye hufungua saluni zao wenyewe na kuanza kulipa hivyo vyote. Ukiwafukuza leo, utakuwa umeichoma mbegu. Dawa ya malalamiko ya wenye saluni ni kuwapunguzia nao mzunguko wa ofisi, wakaguzi waje pamoja siku moja, ada ilipwe mahali pamoja. Si kuwatwisha wengine mzigo ambao wao wenyewe wanaulalamikia.

Halmashauri nayo itasema habari ya mapato. Tunaelewa. Lakini ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutakiwa kuwakopesha akina mama, vijana na watu wenye ulemavu, na ambayo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya ubadhirifu kisha ikarejeshwa mwaka 2024, kwa kawaida inawataka wakopaji wawe katika vikundi vinavyotambulika. Wasusi wasiotambulika hawana kikundi. Kwa hiyo kumkataa msusi kwenye daftari ni kumkosesha mkopo uliowekwa kwa ajili yake, kisha kumlaumu kwa kutokuwa na chumba.

Pendekezo letu si geni wala la gharama. Usukaji wa mkono mtupu, usiotumia wembe wala dawa, uondolewe katika orodha ya kazi zinazohitaji leseni ya biashara, na msusi aandikishwe na mtendaji wa kata kwa jina lake na kitambulisho chake, mara moja, kwa ada isiyozidi ile ya kitambulisho cha mjasiriamali. Karatasi hiyo imfuate popote aendapo ndani ya wilaya, awe Soweto au Marangu. Anayetumia wembe, mashine au dawa apate mafunzo mafupi ya usafi kwa Bwana Afya, ya siku mbili tatu na kwa lugha ya kueleweka, na ukaguzi wake uwe wa mara kwa mara. Akikutwa na kosa la kwanza aonywe na kuelekezwa, la pili atozwe, na kufuli liwe la mwisho. Cheti cha VETA kibaki kuwa heshima ya mwenye nacho na ngazi ya kupandia, na ule utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya chuo upelekwe katika kata, ili yule mama wa miaka thelathini ya kazi atahiniwe kwa mikono yake na apewe hati bila ya kurudishwa darasani na wajukuu zake.

Sehemu ya haya inahitaji Bunge, kwa kuwa leseni ni ya sheria ya nchi. Lakini ada, ukaguzi na utaratibu wa kata vimo ndani ya uwezo wa sheria ndogo, na sheria ndogo ya mji hutungwa na Baraza la Madiwani, ikatangazwa kwa wananchi watoe maoni, kisha ikapelekwa kwa Waziri aiidhinishe. Baraza hukutana kila robo ya mwaka. Rasimu ikisomwa katika kikao cha mwisho wa mwaka wa fedha, kuna muda wa kutosha wa matangazo na idhini kabla mabasi ya Krismasi hayajaanza kushusha watu pale stendi. Ikiachwa mpaka kikao cha Oktoba, wasusi wa Soweto watasuka Desemba nyingine wakiwa na jicho moja kwenye kichwa cha mteja na jicho la pili njiani.